Maumivu Yanayoshuka Mguuni: Namna ya Kuyasoma na Kuyatuliza

Mtu akiingia chumbani kwangu akiburuta mguu, siulizi kwanza anaumwa kiasi gani. Namuuliza, "Maumivu yanafika wapi?" Nataka anionyeshe kwa kidole yanapoanzia na yanapoishia leo, kisha aniambie wiki iliyopita yaliishia wapi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wa kiuno na mguu ndio ninaowahudumia zaidi. Wengi hufika wamechoka na wana hofu. Wameshakandwa paja, wamesuguliwa goti, wamechomwa sindano, na hakuna aliyewaambia kwamba mguu wenyewe mara nyingi hauna ugonjwa wowote.

Maumivu haya yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni huitwa siatiki, kwa jina la neva inayoyabeba. Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Inapoanzia, upana wake unakaribia sentimita 2. Inaundwa na mizizi mitano, yaani neva ndogo zinazochomoza kwenye uti wa mgongo: miwili ya chini kabisa ya kiuno, iitwayo L4 na L5, na mitatu ya juu ya mfupa wa sakramu ulio chini ya kiuno, iitwayo S1, S2 na S3. Mizizi hiyo huungana ndani ya nyonga, neva ikapita chini ya msuli wa makalio uitwao pirifomisi, ikashuka nyuma ya paja, na karibu na goti ikagawanyika matawi mawili yanayokwenda hadi vidoleni. Ukibonyeza kitufe cha kengele getini, mlio unasikika ndani ya nyumba. Hapa pia mzizi unabanwa kiunoni, lakini kinachouma ni shavu la mguu au kidole gumba. Ndiyo maana kukanda kidole usiku kucha hakuleti nafuu ya kudumu.

Nini kinaubana mzizi? Kwa watu walio katika umri wa kufanya kazi, mara nyingi ni diski. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski yenye ukingo wa nyuzi ngumu na ute mzito katikati. Ukingo ukichanika, ute hutokeza kwa nyuma na kuufikia mzizi wa neva. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walilieleza jambo hili mwaka 1934, na tangu hapo upasuaji wa diski ukaenea. Karibu diski zote za kiuno zinazotokeza namna hii ni zile mbili za chini, iliyo kati ya pingili za L4 na L5 na iliyo kati ya pingili za L5 na S1, kwa sababu hapo ndipo uzito na kuinama vinapokutana.

Ute huo haubani tu. Una kemikali zinazoiudhi neva na kuivimbisha, na kwa hiyo mtu anaweza kuungua mguu mzima ilhali picha inaonyesha diski imetokeza kidogo. Lakini ipo habari ninayomrudia kila mgonjwa, maana inaondoa hofu kuliko dawa: mwili hukitambua kipande kile cha diski kilichotokeza kuwa hakipo mahali pake, hutuma chembe zake za kinga, na kukila taratibu. Vipande vilivyochomoka kabisa, vile vinavyotisha kwenye picha, ndivyo mara nyingi husinyaa zaidi. Watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Kwa wazee sababu huwa nyingine. Njia ya neva ndani ya uti wa mgongo hupungua upana kadiri mifupa inavyoota vinundu na kano zinavyonenepa. Mzee wa namna hii akisimama au akitembea, miguu inawaka na kulegea. Akikaa au akiinama mbele, anatulia. Mwenye diski huwa kinyume chake: kukaa na kuinama ndiko kunakomtesa. Shika tofauti hiyo tangu sasa, maana zoezi linalomsaidia mmoja linaweza kumtonesha mwingine. Zipo sababu nyingine pia, kama pingili iliyoteleza mbele, msuli wa pirifomisi uliokaza, au ujauzito. Na si kila mguu unaouma ni siatiki. Maumivu ya kinena mara nyingi hutoka kwenye kiungo cha nyonga. Nyayo zote mbili zinazowaka kwa mwenye kisukari ni jambo jingine. Shavu la mguu linalobana kila ukitembea na kuachia ukisimama tu, bila hata kukaa, linataka mishipa ya damu ipimwe.

Kwanza hakikisha hakuna hatari

Sehemu hii isome kabla ya kujaribu zoezi lolote. Nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku, ukiona moja kati ya haya: ganzi katika sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri, njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, mkojo unaogoma kutoka au unaotoka bila wewe kujua, haja kubwa inayokuponyoka, nguvu za tendo la ndoa kupotea ghafla pamoja na maumivu haya, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hizo ni dalili kwamba fungu zima la neva lililo chini ya uti wa mgongo limebanwa. Upasuaji wa haraka unaweza kukiokoa kibofu, na kila saa inayopita inapunguza nafasi hiyo. Watu huona aya kuzitaja dalili hizi, wakakaa nazo nyumbani. Tafadhali, zitaje. Daktari anazisubiri kuzisikia.

Mwone daktari mapema pia ikiwa maumivu yameambatana na homa, kutoka jasho usiku au kukonda bila sababu, kwani kifua kikuu na maambukizi mengine huweza kuushambulia uti wa mgongo. Ikiwa umewahi kuugua saratani. Ikiwa yalianza baada ya kuanguka vibaya au ajali. Au ikiwa yanauma vilevile ulale, ukae au usimame, bila mkao wowote wa kuyatuliza.

Soma mguu wako

Mzizi wa L5 ukiguswa, maumivu au ganzi hushuka upande wa nje wa mguu, yakavuka juu ya wayo hadi kidole gumba. Ukiwa ni S1, hupita nyuma ya paja na shavu la mguu hadi kisigino, ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo. Mistari hii haijachorwa kwa rula, watu hutofautiana, lakini inatosha kukupa picha.

Kisha pima nguvu. Tembea kwa visigino, vidole vikiwa juu, hatua kama kumi. Wayo wa upande unaouma ukianguka, L5 imedhoofika. Halafu shika ukuta, simama kwa mguu mmoja na unyanyue kisigino mara kumi, kisha fanya hivyo kwa mguu wa pili. Upande unaouma ukishindwa huku ule wa pili ukiweza, hiyo ni S1. Andika matokeo na tarehe. Rudia kila baada ya siku mbili tatu.

Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu ukali wa maumivu unadanganya. Nimewahudumia watu waliolia kwa maumivu huku nguvu zao zikiwa kamili, wakapona vizuri. Nimemwona pia fundi cherehani mmoja aliyefurahi kwamba maumivu yameisha, kumbe wayo umeanza kuburuzika. Maumivu yakipungua huku udhaifu ukiongezeka, hiyo si nafuu. Udhaifu unaozidi siku hadi siku unahitaji daktari ndani ya siku chache, na wayo ulioanguka ghafla unahitaji daktari siku hiyohiyo.

Fuata mwelekeo wa maumivu

Hapa ndipo kiini cha kazi yangu kilipo. Mwaka 1956, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, Robin McKenzie, alimwambia mgonjwa mmoja wa mguu akalale kifudifudi kitandani, bila kujua kwamba upande wa kichwa wa kitanda kile ulikuwa umeinuliwa. Aliporudi alimkuta mgonjwa mgongo umepinda kwa nyuma, mkao uliodhaniwa kuwa wa hatari. Mgonjwa akasema mguu haujawahi kuwa na nafuu kama ile. Kutokana na hapo McKenzie alijenga utaratibu wake wa kuchunguza ni mwendo gani unayarudisha maumivu juu.

Kanuni ni hii: mwendo unaoyatoa maumivu wayoni na kuyapandisha gotini, kisha pajani, kisha kiunoni, ni mwendo mzuri, *hata kama kiuno kitauma zaidi kidogo kwa muda*. Mwendo unaoyasukuma kushuka ni mbaya kwako kwa sasa, hata kama kiuno kinahisi raha. Watu wengi hufanya kinyume. Wanainama kugusa vidole kwa sababu kiuno kinalegea vizuri, na jioni mguu unawaka hadi unyayo.

Jaribu hivi. Lala kifudifudi mahali pagumu kidogo, mikono ubavuni, dakika mbili tatu, ukipumua na kuachia makalio yalegee. Ukishindwa hata kulala hivyo, weka mto chini ya tumbo kisha uuondoe baadaye. Uliza mguu: maumivu yako wapi sasa? Yakiwa yamebaki palepale au yamepanda, inuka uegemee viwiko, ukae hivyo dakika mbili nyingine. Yakiendelea kupanda, weka viganja sakafuni usawa wa mabega na unyooshe mikono polepole, kifua kipande lakini nyonga zibaki chini, zimelegea. Shuka. Rudia mara kumi. Kila mara uliza mguu. Ukiona yanapanda, fanya hivyo kila baada ya saa mbili au tatu mchana kutwa. Mara moja asubuhi haitoshi. Yakishuka kuelekea wayoni na kubaki huko baada ya kuacha, zoezi hilo si lako, liache.

Wale niliowataja, ambao miguu inatulia wakikaa au wakiinama, wajaribu upande wa pili: lala chali, vuta goti moja kifuani, kisha jingine, kisha yote mawili, taratibu. Kanuni ya kuuliza mguu ni ileile.

Wapo ambao hakuna mwendo wowote unaoyapandisha. Hao wasijilazimishe. Wawaone wataalamu wa fiziotherapia wachunguzwe kwa mikono, na kwa wakati huo watembee.

Siku ngumu za mwanzo

Usijifungie kitandani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa wa siatiki waliolazwa kitandani kwa wiki mbili na walioendelea na shughuli kadiri walivyoweza. Waliolala hawakupata nafuu zaidi. Siku moja au mbili za kujilaza mara kwa mara hazina ubaya. Baada ya hapo tembea kidogo kidogo, mwendo wa dakika tano au kumi mara kadhaa kwa siku, ukikatiza pale maumivu yanapoanza kushuka.

Kukaa ndiko huwa adui mkubwa wa mwenye diski, hasa kukaa umejikunja. Inuka kila baada ya dakika 20 au 30. Kaa makalio yakiwa yamefika nyuma kabisa ya kiti, na weka taulo lililokunjwa kwenye mkunjo wa kiuno. Dereva mmoja wa masafa marefu aliniambia, "Dada, nikishuka garini ni kama mguu haupo." Tulianza na mambo madogo: pochi itoke mfuko wa nyuma wa suruali ilikokuwa ikikandamiza makalio, kiti kisogezwe mbele ili asinyooshe mguu kufikia klachi, na asimame njiani kutembea kabla mguu haujaanza kulalamika. Mazoezi yalikuja baadaye. Bila kuondoa kile kinachotonesha kutwa nzima, zoezi la dakika tano lina kazi kubwa mno.

Usiku, lala ubavu, upande usiouma ukiwa chini, na mto katikati ya magoti ili paja la juu lisivute kiuno. Anayelala chali aweke mto chini ya magoti. Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Na kuwa mwangalifu zaidi saa ya kwanza baada ya kuamka: usiku diski hunyonya maji na kujaa, kwa hiyo kuinama asubuhi huzikaza kuliko kuinama mchana. Soksi, viatu na kufagia vingoje, au mtu akusaidie.

Chafya na kikohozi huongeza shinikizo ghafla. Ukihisi chafya inakuja, simama, kunja magoti kidogo, shika meza au ukuta, na usijikunje mbele. Kukaza chooni kuna athari hiyohiyo, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha na kula vyakula vyenye nyuzinyuzi ni sehemu ya tiba, hasa kama unatumia dawa zinazofunga choo.

Joto au barafu? Tumia kinachokutuliza. Vyote viwili hutuliza misuli iliyokaza, havigusi diski. Weka kitambaa kati yake na ngozi, na kama sehemu ina ganzi kuwa makini sana, kwa sababu hutahisi ukiungua.

Kuitelezesha neva

Maumivu makali yakishapungua, neva hubaki kama imegoma kunyooka. Usiivute. Lile zoezi la kuweka mguu juu ya meza na kujivuta kuelekea vidoleni huitonesha neva iliyovimba, na watu hudhani wananyoosha misuli ya paja. Fanya hivi badala yake: kaa kwenye kiti kirefu kidogo. Nyoosha goti taratibu huku ukiinua uso kutazama juu. Kunja goti huku ukishusha kidevu kifuani. Kichwa na mguu vinakwenda pamoja, hivyo neva inaachiwa upande mmoja inapovutwa upande mwingine. Inateleza bila kukazwa. Mara kumi, mara mbili au tatu kwa siku, bila kushikilia pale mwisho. Mguu ukiwaka kwa zaidi ya dakika chache baada ya zoezi, punguza mwendo.

Dawa, sindano na picha

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huwasaidia baadhi ya watu kwa kiasi, na zinafaa kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizitumie bila kumwuliza daktari. Pregabalini inaandikwa sana kwa siatiki, lakini utafiti wa mwaka 2017 uliwakuta walioimeza hawakupata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na walipata kizunguzungu zaidi. Kama umeshaianza, usiikatishe ghafla. Zungumza na aliyekuandikia.

Kuhusu sindano za makalio, nina neno zito. Neva hii inapita ndani ya makalio, na sindano iliyochomwa vibaya inaweza kuijeruhi na kuacha wayo umeanguka. Omba dawa ya kumeza kama ipo. Ikilazimu sindano, iwe robo ya juu ya nje ya kalio au ubavuni mwa nyonga, na ichomwe na mtu aliyefunzwa. Ukihisi umeme umeshuka mguuni wakati sindano inaingia, sema "acha" papo hapo.

Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hakihitajiki katika wiki za mwanzo kama hakuna dalili za hatari. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Kwa hiyo karatasi ikisema diski zako zimevimba, huo si ugonjwa mpaka ilingane na mguu wako: upande uleule na mzizi uleule. Picha inakuwa na maana kubwa pale udhaifu unapoongezeka, au pale upasuaji unapofikiriwa.

Na upasuaji si wa kuogopwa wala kukimbiliwa. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, uliwagawa wagonjwa 283 wa siatiki kali: nusu wapasuliwe mapema, nusu wasubiri kwa tiba ya kawaida na wapasuliwe ikibidi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, lakini mwaka ulipoisha makundi yote mawili yalikuwa sawa, asilimia 95 wakisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Ukiwa na nguvu zako zote, una haki ya kusubiri. Ukishindwa kulala wala kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, una haki pia ya kutosubiri.

Kurudi kwenye uzito, na ganzi inayobaki

Maumivu yakishaacha mguu kwa wiki kama mbili, anza kuujenga mwili upya. Kuinama jifunze kuanzia nyonga: sukuma makalio nyuma, magoti yalegee, mgongo ubaki umenyooka, mzigo ukae karibu na tumbo. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Anza na ndoo isiyojaa kabla ya iliyojaa. Anayevuta sigara aache, kwani uvutaji huongeza uwezekano wa diski kuharibika.

Ganzi ndiyo hukawia kuondoka. Neva iliyoumia hujijenga kwa kasi ya takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni safari ndefu, kwa hiyo kidole chenye ganzi miezi kadhaa baada ya maumivu kwisha si lazima kiwe ishara mbaya. Kagua unyayo kila jioni, kwa sababu jiwe kwenye kiatu unaweza usilihisi. Endelea na kipimo cha visigino na kunyanyua kisigino mara moja kwa wiki. Idadi ikipanda, hata kwa kunyanyua mara moja tu zaidi kwa mwezi, endelea na kutembea na mazoezi. Ikikwama kwa miezi au ikianza kushuka, chukua karatasi yako yenye tarehe zote na umpelekee daktari.